Wanafunzi wetu gerezani: wao wanahesabu siku, sisi tufungue mlango



Hapa Lubumbashi barabara ya Kasapa inapeleka watu mahali pawili. Wengine wanaipita wakienda chuo kikuu, wakiwa na vitabu mkononi. Wengine wanaipita wakienda gereza kuu, wakibeba sufuria ya bukari iliyofungwa katika kitambaa. Kwa miaka mingi watu hao wawili wamepanda bisi moja, wamekaa kiti kimoja, na kila mmoja ameshuka bila kumwuliza mwenzake habari.

Sasa wako wanafunzi wanaouliza. Ni vijana wa sheria, wa udaktari, wa saikolojia na wa uchumi, wanaotoa siku yao moja ya mapumziko kusaidia vikundi vinavyoshughulikia wafungwa na watu waliotoka gerezani. Hawalipwi. Juma hili tulikaa nao. Tulikaa pia na wamama watatu waliowahi kufungwa, na mama mmoja wa shirika letu ambaye amemkataza binti yake kujiunga. Majina yao hatuyaandiki. Katika kartie zetu jina la mtu aliyetoka gerezani linatosha kufunga milango kumi.

Yule mama aliyemkataza binti yake alituambia wazi: "Nilimtuma mwanangu kusoma. Sikumtuma kwenda kukaa na wezi." Tunaliheshimu neno lake, kwa maana ndilo neno la wengi wetu. Ndiyo sababu tunataka tulijibu polepole.

Nani yuko ndani?

Wengi tunafikiri kwamba kila mtu aliye gerezani amekwisha kuhukumiwa. Sivyo. Katika nchi yetu zaidi ya nusu ya watu walio magerezani wanangoja hukumu. Kati yao yuko aliyeiba kweli, na yuko ambaye hakuna aliyethibitisha kitu juu yake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inasema kwamba uhuru ndio kanuni na kufungwa ni jambo la pekee, na kwamba mtu anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna anayeweza kukamatwa kwa tendo la mtu mwingine. Kifungu cha 18 kinasema polisi haiwezi kumshika mtu katika kasho kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria.

Lakini sisi wamama tunajua yanayopita. Bwana anakimbia, mke anakamatwa "mpaka bwana aonekane". Mtoto anapiga mwenzake, mama ndiye analala kasho. Deni la likelemba linageuka kuwa mashitaka ya abus de confiance, na mama aliyekuwa anauza vitunguu sokoni anajikuta ndani, na mtoto wa kunyonya mgongoni.

Wanawake ni wachache sana magerezani, hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Uchache huo hauwapi nafuu. Unawafanya wasahaulike, na siku ya fujo ndio wanaoumia wa kwanza. Mwezi wa Septemba 2020, hapa Kasapa, ghasia za wafungwa zilidumu siku kadhaa na wanawake wengi wakabakwa. Tarehe 2 Septemba 2024, katika gereza la Makala, Kinshasa, ambalo lilijengwa kwa watu 1.500 na lilikuwa limejaa watu zaidi ya 10.000, serikali ilitangaza kwamba watu wasiopungua 129 walikufa usiku wa jaribio la kutoroka. Wanawake walibakwa huko pia. Mwezi wa Januari 2025, katika gereza la Munzenze, Goma, wanawake zaidi ya 100 walikufa, moto ulipochoma sehemu yao wakati wanaume walipotoroka. Kuna waliokufa na watoto wao.

Tunayakumbuka haya ili kila mtu aelewe: siku moja isiyo ya lazima gerezani ni siku ya hatari. Mwanafunzi anayesaidia mtu kutoka siku thelathini mapema amemwondoa katika hatari mara thelathini.

Daftari ya wanafunzi wa sheria

Kazi ya kwanza ya vijana hawa haina sifa kubwa. Ni kuandika na kuhesabu. Wanaingia kwa ruhusa ya mkubwa wa gereza, wakiongozwa na avoka wa kikundi, na kila mmoja ana daftari. Wanauliza: Ulikamatwa siku gani? Nani aliandika karatasi? Wanakushitaki nini? Ulifika mbele ya juji mara ngapi? Mara ya mwisho lini?

Baada ya hapo wanahesabu. Hati ya kwanza ya parke, mandat d'arrêt provisoire, ina siku tano. Katika siku hizo mtu anapaswa kupelekwa mbele ya juji. Juji akikubali abaki ndani, ruhusa yake ni ya siku 15. Zikiisha, anaweza kuongeza mwezi mmoja, tena mwezi mmoja, lakini kila mara kwa karatasi mpya. Kwa makosa madogo sheria haikubali kuongeza mara nyingi. Mtu ambaye karatasi yake imekwisha na haikuongezwa anashikiliwa bila sheria, na avoka anaweza kuandika mara moja.

Kwa waliokwisha hukumiwa hesabu ni nyingine. Sheria ya makosa ya jinai inasema mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo chake, na amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuombewa kuachiliwa kwa masharti. Haiji yenyewe. Lazima mtu atengeneze dosiye: tarehe, mwenendo mzuri, mahali atakapoishi. Mama mwenye miaka minne ya kifungo anaweza kuombewa baada ya mwaka mmoja, lakini kama hakuna wa kumhesabia, atakaa yote minne.

Mmoja wa wale wamama watatu alitoka kwa njia ya daftari hiyo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili katika ofisi mbili, kwa herufi moja tu ya tofauti. Ofisi moja ilimtafuta bila kumpata. Nyingine ilingoja jibu. Alikuwa amekwisha kukaa miezi saba. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliweka karatasi mbili kando kando, akaona tarehe ya kukamatwa ni moja na jina la baba ni moja. Avoka aliandika barua. Mama akaitwa, akasikilizwa, akapewa uhuru wa muda. "Yule mtoto hakunitetea kwa maneno makali," alituambia. "Alisoma tu vizuri."

Wengine wanafanya nini?

Wanafunzi wa udaktari hawaandiki dawa, hawajafika hapo. Wanafundisha usafi, wanaeleza upele unavyoambukizwa, wanawaambia walinzi na wafungwa kwamba mtu anayekohoa kwa majuma mawili anapaswa kupimwa kifua kikuu. Wanapima kilo za watoto wachanga walio na mama zao, na mtoto anayepungua wanamtaja kwa muuguzi wa gereza siku ile ile. Chakula cha gerezani, yale mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja, hakitoshi kwa mama anayenyonyesha, na mwenye jamaa karibu ndiye anayekula vizuri.

Wa saikolojia wanasikiliza. Wanawaandikia barua wale wasiojua kuandika, na wanafundisha kusoma wale wanaotaka. Kijana mmoja alisema: "Kazi yangu kubwa ni kutafuta nyumba. Mama anatoka Kasenga au Kipushi, jamaa hawajui kama yuko hai. Natafuta namba ya simu, napiga, nasema: mama yenu yupo, anawasalimu." Wakati mwingine upande wa pili wanalia kwa furaha. Wakati mwingine wanakata simu.

Kazi ya namna hii si ya hapa peke yake. Nchini Ufaransa, baada ya maasi ya wafungwa ya mwaka 1974, kikundi cha wanafunzi kinachoitwa GENEPI kilianzishwa mwaka 1976. Kwa zaidi ya miaka arobaini wanafunzi waliingia magerezani kufundisha. Mwaka 2018 serikali ilikata mapatano nao, kwa sababu kikundi kilikuwa kinasema hadharani mabaya waliyoyaona. Mwaka 2021 kikafungwa na wanachama wenyewe. Tunajifunza hapo kwamba mlango wa gereza unafunguliwa kwa ruhusa na unaweza kufungwa. Vijana wetu wanatembea kati ya mambo mawili: wakinyamaza kabisa, hawasaidii, wakipiga kelele bila akili, hawataingia tena, na mfungwa ndiye atakayelipa. Wanachofanya ni kumwachia avoka na viongozi wa kikundi neno la hadharani, na wao kuandika kila kitu sawasawa.

Mipaka yao

Tuliwauliza wanakatazwa nini. Walitujibu bila kusita.

Hakuna kuahidi. Neno "kesho utatoka" limekatazwa kabisa.

Hakuna kupokea wala kutoa pesa, hata "pesa ya karatasi", hata "pesa ya bisi".

Hakuna kupitisha simu au barua kwa siri.

Hakuna kujiita avoka au daktari.

Hakuna picha.

Wanaingia wawili wawili, mchana, na wanatoka pamoja.

Na sharti la mwisho ndilo gumu: anayeanza anaahidi mwaka mzima. Wakati wa mitihani wenzake wa kitivo kingine wanachukua daftari yake. Sababu yake tuliielewa kwa mama wa pili. Kabla ya kikundi hiki, kuna mwanafunzi aliyemtembelea mara mbili, akaandika maneno yake yote, na hakurudi tena. "Kila Jumamosi nilivaa kitambaa changu kizuri nikangoja," alisema. "Nilihesabu Jumamosi kumi na nne." Afadhali wachache wanaodumu kuliko wengi wanaopita.

Vijana hawa si watu wa kudanganywa pia. Wanajua kwamba ndani kuna waliobaka, waliovunja nyumba za watu usiku, waliomwaga damu. Aliyetendewa ubaya ana haki ya kuona kesi inasikilizwa, na kumsaidia mfungwa hakufuti chozi la jirani. Lakini karibu wote walio ndani watatoka siku moja na kurudi kati yetu. Swali ni watatoka wakiwa watu gani.

Siku ya kutoka

Hapa wanafunzi wenyewe walituambia kwamba nguvu zao zinaisha.

Mama wa kwanza alitoka akakuta bwana ana mke mwingine, na watoto wamepelekwa kwa nyanya yao Likasi. Wa pili alikuta vyombo vyake vimeuzwa. Wa tatu alirudi sokoni, na wenzake wa likelemba wakamwambia nafasi imejaa. Siku ile ile walimpokea mwingine.

Tulimwuliza huyu wa tatu ni nini kilimzuia asikate tamaa. Tulidhani atataja mtaji au mahubiri. Alisema: "Mama mmoja wa avenyu yetu alimtuma mtoto na sahani ya bukari na lengalenga. Hakuniuliza kitu. Kesho yake alituma tena."

Kikundi kinajaribu kupanga mambo matatu kabla ya siku ya kutoka. La kwanza ni usiku wa kwanza: atalala wapi? La pili ni karatasi: mtu asitoke bila billet d'élargissement, maana polisi akimsimamisha njiani bila hiyo, hofu inaanza upya. Inafaa kutoa kopi na kuweka ya asili nyumbani. La tatu ni kazi ya kwanza. Hawatoi pesa mkononi. Wananunua unga, mafuta na beseni kwa anayejua kupika vitumbula, au kitambaa na uzi kwa anayejua kushona. Mwanafunzi wa uchumi anapita kila juma miezi mitatu, anaandika naye mapato na matumizi. Kuna wanaoshindwa, vitumbula vinaliwa na watoto, mtaji unakwisha. Wanaanza tena kwa kidogo zaidi.

Lakini nani atakwenda kuzungumza na bwana? Nani atakaa na nyanya wa Likasi amwombe watoto? Kijana wa miaka 21 hawezi kukaa mbele ya mzee wa nyumba na kumwambia habari za ndoa yake. Atafukuzwa, na ni haki. Kijana ana kalamu. Neno la nyumbani linataka mama mtu mzima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, yanayoitwa Kanuni za Mandela, yaliyopitishwa mwaka 2015, yanasema katika kanuni ya 107 kwamba tangu mwanzo wa kifungo watu wafikirie maisha ya mfungwa baada ya kutoka, na asaidiwe kushika uhusiano na watu wa nje. Watu wa nje ni sisi.

Na watoto?

Wengi wetu tunamwambia mtoto: "Mama amesafiri." Mtoto anasikia ukweli shuleni, kwa kicheko cha wenzake, na toka siku hiyo hatuamini tena. Mwanafunzi wa saikolojia alitushauri maneno machache ya kweli, kufuatana na umri: mama yuko mahali ambapo hawezi kutoka sasa, si kosa lako, anakupenda, tutakuambia tukisikia habari zake. Mtu mkubwa wa nyumba aseme, si mtoto mwenzake.

Tena tuangalie kwamba mtoto wa mfungwa asigeuzwe kuwa mtumishi wa nyumba alimopokelewa. Tangu mwaka wa masomo wa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Mtoto huyo anapaswa kuwa darasani asubuhi, si njiani na beseni ya karanga.

Mwanao akisema anataka kwenda

Usikubali haraka, usikatae haraka. Mwulize, na uulize kikundi chake:

Nani kiongozi wenu, na yuko avoka anayewasimamia?

Ruhusa ya kuingia imeandikwa na nani?

Mnaingia wangapi, saa ngapi, na nani anajua mmetoka?

Kuna mtu anayeomba pesa kwa familia za wafungwa? Kama yupo, mwanao asiende.

Ukisikia jambo zito la kukuumiza moyo, unamwambia nani?

Kwa swali hili la mwisho, jibu moja tuwe nalo sisi wazazi: utaniambia mimi. Mtoto anayetoka huko akiwa kimya anahitaji chai na mtu wa kukaa karibu naye kabla ya kuulizwa habari za masomo.

Yule mama wetu aliyemkataza binti yake hajakubali bado. Aliposikia yote haya alinyamaza, kisha akasema atakwenda yeye kwanza aone. Binti atangoja.

Tunayoomba juma hili

Ambaye ana jamaa ndani alete kwenye mkutano wa Jumamosi jina lake kamili, tarehe ya kukamatwa na kopi ya karatasi yoyote aliyo nayo. Andika jina kama lilivyo kwenye karatasi, hata kama limekosewa, na chini yake uandike lile la kweli.

Viongozi wa likelemba wajadili kati yao swali moja: mwenzetu aliyetoka gerezani na ambaye hakumwibia mtu wa kikundi, tunamkatalia kwa sababu gani?

Na tunahitaji wamama watu wazima, wenye kusikilizwa, watakaokwenda na wanafunzi kwenye nyumba za familia. Kwa sasa ziko nyumba nne za kutembelea: mbili Katuba, moja Kenya, moja Ruashi. Katika moja yao mama anatoka mwisho wa mwezi huu, na hatujui bado atalala wapi usiku wa kwanza. Tutaandika majina ya walio tayari baada ya mkutano, kabla ya watu kutawanyika.